Mukono wa Nani Ulitangulia

Mimi naitwa Agathe, lakini hapa soko ya Nyawera ukiuliza Agathe utazunguka mpaka viatu viishe. Uliza Maman Ornella wa makayabu. Watakuonyesha kwa mudomo, na wengine watakuambia ujiangalie, kwa sababu niko mutu wa hasira. Ni kweli. Hasira yangu sijawahi kuificha. Kitu ukikificha kinaoza, na mimi nauza samaki ya chumvi, mambo ya kuoza nayajua.

Meza yangu na meza ya Nsimire zinagusana. Mimi makayabu, yeye mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Na miaka mine tulikuwa hatusalimiani. Najua unataka kusema nini: si mumoja angehama? Nihame niende wapi? Ile pahali ni yangu tangu wakati wa mama yangu, na ile yake ni yake tangu wakati wa shangazi yake. Basi tulikaa kiwiko kwa kiwiko, asubuhi mpaka jioni, na kila neno lilipitia kwa muteja. Mimi: "Papa, muambie huyu jirani mafuta yake inamwangikia makayabu yangu." Yeye: "Papa, muambie huyu jirani makayabu yake ndiyo inafuata mafuta yangu." Muteja maskini amekuja kununua chupa moja tu, anageuka huku, anageuka kule, anaondoka amechoka.

Sababu yake ni hii. Bwana wangu Jacques alipokufa, nyumba ilijaa watu. Kwetu mufiwa hasalimii mutu. Anakaa chini kwenye mukeka, wanaoingia ndio wanamufikia na kumuambia pole. Nsimire alikuwa rafiki yangu tangu tuko wasichana, tena ndiye marraine wa Ornella, mutoto wangu, ndiye alimushika siku ya ubatizo. Alikuja siku ya pili ya kilio. Nilimuona na macho yangu, amekaa katikati ya wamama. Lakini pole yake sikuisikia. Kilio ilipoisha, nikapitisha watu wote kichwani, mutu na pole yake, hata wajomba wa Jacques kutoka Bunyakiri ambao hatujaonana miaka kumi. Nsimire hakuwemo. Nikasema bon, nitamungojea sokoni.

Nikarudi sokoni kisha mwezi mumoja kupita. Yeye alikuwa amekwisha kukaa. Hapo ndipo sheria mbili ziligongana. Sheria moja inasema mufiwa anasalimiwa. Sheria ingine inasema anayefika ndiye anasalimia aliowakuta. Mimi nikashika yangu, yeye akashika yake. Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Kisha wiki moja salamu ilikuwa nzito, kisha mwaka hata porteurs wawili wa Nyawera, wale wanaobeba magunia, wasingeiweza. Na kusema kweli nilizoea. Kununa nako ni kazi, ukiifanya kila siku unaijua.

Ningekaa hivyo mpaka kaburini, tena na raha yangu, kama si Ornella.

Ornella alipata bwana, kijana wa Kavumu anaitwa Bulonza, mupole mupaka unataka kumutikisa uone kama iko macho. Ndoa ikapangwa. Padri akataka majina ya parrain na marraine, wale watakaowasimamia kanisani, na akatoa wiki mbili. Jioni ile Ornella akaniambia, bila kuinua macho kwenye majani ya sombe aliyokuwa anatwanga:

"Mama, marraine wangu ni Maman Nsimire, na parrain ni muzee wake."

"Chagua mwingine."

"Sina mwingine. Kama haiko yeye, ile robe ya ndoa sivai."

"Basi nenda umuombe wewe."

"Mama, unajua vizuri kwamba mama ya bibi-arusi ndiye anaenda kuomba."

Nilijua. Na nilijua pia kwamba mutu haombi kitu bila kusalimia kwanza. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Mutoto ni mumoja tu, baba yake hayuko, na sasa mimi ndiye ningemuharibia siku yake kwa sababu ya "Jambo" moja dogo, salamu tu, lililokataa kutoka kinywani. Nilijaribu, usifikiri sikujaribu. Asubuhi tatu nilitoka nyumbani na ile "Jambo" iko tayari kwenye ulimi. Nikifika sokoni, nikiona vile Nsimire amekaa, shingo imenyooka, anapanga chupa zake utafikiri ni za altare, naimeza.

Ndipo Aurore akatokea.

Aurore ni msichana wa hapa hapa Bukavu, anasoma sijui diplome ya ngapi, miwani mikubwa, ordinateur, yaani kompyuta, kwenye mugongo. Alikuja kwenye meza yetu siku ya Jumatatu, akasema anatafuta namna kila lugha ya Kivu inasema jambo ambalo watu wawili wanafanyiana.

"Wanafanyiana nini?" nikauliza, na wamama wote wa musitari wakaangua kicheko.

Akaona haya, lakini akaendelea, na nikamupenda kwa hiyo. Akasema Kiswahili kinaweka kamukia kadogo nyuma: piga, pigana, saidia, saidiana. Mashi, lugha yetu ya hapa, nayo iko na kamukia kake, Lingala nayo vile vile. Kifaransa hakina mukia, kinaweka ka "se" mbele, na ukisema wale watu "se regardent" haujui kama wanaangaliana ao kila mumoja anajiangalia kwenye kioo chake. Na kuna lugha za mbali sana, akasema, hazina mukia wala kichwa, lazima useme mara mbili: huyu alimupiga yule, na yule naye alimupiga huyu.

"Hao ndio watu wenye akili," nikamuambia. "Kwao angalau inajulikana nani alianza."

Shida yake ilikuwa hii. Alipewa vidéo fupi fupi zilizotengenezwa Ulaya, bila sauti. Unamuonyesha mutu, unamuuliza: hawa wanafanya nini? Ndani yake ni Wazungu wawili wamevaa tricot, mbele ya ukuta mweupe. Wanapigana, wanakumbatiana, wanapeana kitu. Lakini watu wa Bukavu walikataa kujibu. Walimuuliza kwanza: hawa ni ndugu? Wanagombania nini? Huyu mwembamba, mbona hali? Papa Cyprien, mwalimu wa zamani wa Kifaransa anayekunywa chai yake pale mwanzo wa soko, alimuambia kwamba watu hawawezi kupigana bila sababu mbele ya ukuta, na kwamba hataki kushiriki kwenye uongo. Basi Aurore akaamua kutengeneza vidéo zake, na watu wa hapa. Alihitaji watu wawili wanaofahamiana.

"Na kusalimiana iko ndani?" nikauliza, polepole, huku nafukuza nzi.

"Iko, maman. Kupeana mukono. Na kwa ile lazima wote wawili waanze pamoja kabisa. Nikiona mumoja ametangulia, haitumiki."

Weee! Nilihisi kichwa changu kinafunguka. Pamoja kabisa! Kwa amri ya université! Yaani ningepata salamu ya Nsimire bila mimi kuanza na bila yeye kuanza, nimusalimie leo, nimuombe kesho, na heshima yangu imebaki mahali pake. Kitu kimoja tu kilibaki, yeye akubali. Na Nsimire namujua. Ukimuvuta anakaa chini, ukimuzuia anakimbia.

Nikainua sauti. "Mademoiselle, mimi nakubali. Lakini wa pili utafute mbali, hapa karibu hakuna. Kuna watu wakiona caméra miguu inatetemeka, tena wanaota jasho, wanakuharibia kazi."

Chupa moja ikawekwa mezani kwa nguvu.

"Mademoiselle," Nsimire akasema, "andika jina yangu. Tena uandike ya kwanza."

Tulifanya ile kazi siku tatu, kwenye kiwanja cha shule moja, kisha watoto kurudi nyumbani. Mimi nilivaa kitambaa cha njano, yeye cha bleu, ili watu wasituchanganye. Aurore alikuwa na karatasi yenye vitendo arobaini, na bahati mbaya ao nzuri, ilianza na kupigana.

"Muigize tu, wamaman," akasema. "Polepole."

Sikumbuki polepole. Nakumbuka mukono wangu umekwenda, na wake umekuja, na miaka mine yote ikawa ndani. Nsimire akanivuta kitambaa, mimi nikamukamata perruque, zile nywele za kununua, ikabaki mukononi, nikaitazama kidogo nisijue niiweke wapi. Aurore alipiga kelele "Coupez! Coupez!" mpaka sauti ikakauka. Kisha akaangalia kwenye kamashini kake, akasema hajawahi kuona kupigana kuzuri namna hii, hatutairudia. Nsimire akavaa perruque yake bila kunitazama. Lakini nilimuona anauma mudomo, na mimi pia kicheko kilinifika hapa kooni nikakirudisha.

Kufukuzana tulifanya vizuri. Kutukanana bila sauti tulifanya vizuri sana. Kupeana ndiyo ilileta shida: mimi nimupe avoka, naye anipe ndizi, kwa wakati mumoja. Nsimire akaipokea avoka, akaibonyeza na kidole, akaigeuza, akanionyesha na macho kwamba imepita muda. Nami nikaiangalia ndizi yake, nikaonyesha na vidole kwamba kwa avoka kama hii nahitaji tatu. Aurore akakaa chini kwenye jiwe, akashika kichwa. "Wamaman, hamubadilishani kwa faida. Munapeana tu." Tukamuangalia. Wafanyabiashara wawili wa Nyawera, anatuambia tupeane tu.

Kisha ikafika siku ya tatu, na kusalimiana.

"Nitahesabu," Aurore akasema. "Un, deux, trois. Kwa trois, mikono yote miwili inatoka."

Un, deux, trois. Hakuna mukono. Mimi namungojea yeye, yeye ananingojea mimi.

Un, deux, trois. Hakuna.

Mara ya sita akatuuliza kama tunasikia vizuri. Mara ya tisa akasema, karibu kulia, "Maman zangu, nawaomba, hakuna anayeanza! Ndiyo maana yake! Hakuna anayeanza!"

"Mademoiselle," nikamuambia, "hapa Bukavu uliona wapi jambo ambalo hakuna aliyelianza?"

Mara ya kumi na moja hakuhesabu. Alijifanya anatengeneza caméra, kisha akapiga makofi gafula, paa! Mikono ikaruka yenyewe, ikakutana. Mukono wa Nsimire ulikuwa baridi, unateleza kidogo kwa mafuta, na ulikuwa mukono wake, sijui niseme namna gani, ulikuwa ni ule ule. Nikasema ndani yangu: Agathe, umeshinda. Imekwisha. Hakuna aliyeanza.

Aurore akasema aksanti, ni nzuri. Nsimire akatoa mukono wake, akaupangusa kwenye kitenge, akabeba saki yake, akaenda.

Kesho yake nikafika sokoni nimejitengeneza, kitambaa kipya. Nsimire alikuwa anamimina mafuta kwa entonnoir, ile faneli yake. Nikasimama. Nikakohoa. Akamuambia muteja aliyekuwepo: "Papa, kuna watu wanafikiri mambo ya kazi ni mambo ya kweli." Nikakaa. Makayabu yote siku ile niliikata vibaya. Kwa zile wiki mbili za padri zilibaki siku ine, na nyumbani Ornella alikuwa ameitundika ile robe ukutani, bado iko kwenye nylon yake, kila nikipita inanitazama.

Ijumaa Aurore akatualika kwenye salle ya ile shule. Alitaka kuonyesha vidéo kwa watu mumoja mumoja, lakini watu wa Nyawera mumoja mumoja hawaijui. Waliingia wote pamoja, wakakaa kwenye mabanci ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Papa Cyprien alikuwa mbele. Bisimwa, motard anayeongea Lingala ya Kinshasa ingawa hajapita Kavumu hapa karibu, alikuwa nyuma na kasiki yake ya pikipiki. Mimi nikakaa upande wa dirisha, Nsimire upande wa mulango, kila mumoja na Fanta yake.

Ya kwanza ikawa kupigana. Salle ikalia kwa kicheko mpaka Aurore akaisimamisha.

"Hawa wanafanya nini?" akauliza, kalamu tayari.

Alitaka neno moja tu, maskini. Wanapigana. Hakulipata. "Huyu wa njano amemuchokoza mwenzake," akasema wa kwanza. "Hapana, wa bleu amemutazama vibaya kwanza." "Wa njano anakuja na hasira kutoka nyumbani." Papa Cyprien akatoa jibu kwa Kifaransa, sentensi ndefu yenye virgule ine, na ndani yake mimi ndiye nilikuwa mukosaji. Bisimwa akasema kwa Lingala maneno mengi, na katika yote hakukuwa na hata kamukia kamoja. Aurore alikuwa anaandika, anafuta. Ni mambo ya ajabu. Lugha zote hizi ziko na dawa ya kusema "wote wawili", na watu hawataki kuinywa.

Kisha ikaja ya kusalimiana.

Salle yote ikainama mbele, kwa sababu wote wanatujua. Mikono miwili ikatoka, ikakutana. Mumama mumoja akasema, "Mungu wangu, wamepatana?" Nikaangalia Fanta yangu.

"Wanafanya nini?" Aurore akauliza, na sauti yake ilikuwa na tumaini.

Papa Cyprien akainua kidole. "Rudisha." Akairudisha. "Polepole zaidi." Akaipunguza mwendo. "Simamisha! Voilà."

Muzee akasimama, akaenda mpaka kwenye ukuta ambapo picha ilikuwa inaonekana, akaweka kidole chake chenye chaki ya miaka arobaini juu ya mukono wangu. Mukono wa njano ulikuwa umetoka. Wa bleu ulikuwa bado kwenye kitenge.

"Maman Ornella alianza," akasema. "Hawakusalimiana. Maman Ornella alisalimia."

Salle ilipasuka. Wengine wakapiga makofi, wengine "Eeeh, Maman Ornella!", Bisimwa akapiga honi na mudomo. Mimi uso uliwaka. Nikasimama, Fanta ikamwangika.

"Uongo! Ordinateur imekosea! Mimi siwezi kuanza, mimi nilifiwa!" Na kabla sijajua, nilikuwa nimegeuka upande wa mulango, na maneno yakaenda moja kwa moja kwake, bila papa, bila muteja katikati. "Wewe! Ulikuja kilio ya bwana wangu, ukakaa kwenye mukeka wangu, haukuniambia hata pole! Hata moja!"

Aurore akashusha kalamu.

Nsimire hakusimama. Alikuwa ameshika chupa yake na mikono miwili.

"Nilikuambia pole nikiingia," akasema. "Nikakuambia tena. Kisha nikakaa nyuma yako nikakushika mukono, tangu saa nane mpaka walipobeba sanduku. Ulikuwa unaangalia ukuta. Ulinishika kwa nguvu mupaka pete yangu ikanikata." Akainua kidole. Kulikuwa na alama, ndogo, nyeupe. "Sikuutoa. Nikasema atanijibu akipata nguvu. Ukarudi sokoni, ukapita mbele yangu kama mutu ambaye hajaniona."

Mimi, Agathe, nikarudi kukaa kwenye banci ya watoto mbele ya watu ishirini.

Kwa sababu mukono ule naukumbuka. Nimesahau nyimbo za ile siku, nimesahau nani alipika, lakini mukono naukumbuka, maana ndio ulinizuia nisimufuate Jacques ndani ya shimo. Miaka mine nilifikiri ni wa dada yangu wa Kavumu. Nilimushukuru, tena nikamupa kitenge, super wax. Na yeye akapokea! Akapokea shukrani na kitenge, bila kusema kitu! Huyo nitamalizana naye, bado anakuja kwenye ndoa.

Nilitoka salle bila kuaga. Nyumbani nikaikuta ile robe ukutani, nikakaa chini yake, nikalia mpaka Ornella akaja kuuliza kama kuna mutu amekufa. Nikamuambia hapana, ni baba yako tu.

Jumamosi nikatoka mapema kuliko kila siku. Bure. Nikifika, Nsimire alikuwa amekwisha kukaa, shingo imenyooka, chupa ziko kwenye musitari. Musitari wote wa wamama ulikuwa umekwisha kukaa, hata wale ambao hawafiki kabla ya saa tatu. Bukavu haina haja ya radio. Papa Cyprien alikuwa ameleta kiti chake na chai yake. Aurore alisimama karibu na vitunguu, bila caméra, anajifanya ananunua.

Sikuweka makayabu chini. Nilisimama mbele ya meza yake, upande ambao wateja wanasimama, furushi juu ya kichwa, nikatafuta lile "Jambo" ambalo nililibeba asubuhi nyingi. Halikuwepo. Nikaona kwamba halikuwa neno la siku ile. "Jambo" ni ya mutu anayeanza. Mimi sikuwa naanza kitu. Mimi nilikuwa nimechelewa kujibu.

"Nsimire," nikasema. "Aksanti kwa pole yako. Imenifikia."

Hata mwanamuke aliyekuwa anapiga bei ya ndimu aliacha katikati. Nsimire akatazama entonnoir yake kwa muda murefu, akaiweka chini, akaisimamisha vizuri.

"Sikusikia," akasema.

"Aksanti kwa pole yako!"

"Sura haikuonekana. Mademoiselle alitufundisha, sura ionekane. Umejificha chini ya samaki."

Mwanamuke huyu! Nikateremsha furushi, nikaliweka juu ya meza yake, juu ya mafuta yake, na hakusema kitu. Nikainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Aksanti kwa pole yako, dada yangu. Na unisamehe."

Kidevu chake kikatetemeka. Akajaribu kukizuia, kikakataa. "Jibu yako," akasema, "ilipitia wapi, Bunyakiri? Kwa miguu?" Kisha akafunika uso na kitenge, mabega yanapanda yanashuka, na sikujua kama analia ao anacheka mpaka nikasikia ni vyote viwili.

Nikamuambia haraka haraka, kabla hasira haijanirudia, kwamba kuna ndoa, kwamba padri anangoja jina kesho, kwamba Ornella hataki mwingine, na kwamba mimi pia sitaki mwingine. Nsimire akapangusa macho. Akainama chini ya meza, nyuma ya mitungi ya njano, akatoa saki ya nylon, akaifungua. Ilikuwa libaya na kikwembe, blauzi na kitenge chake cha kufunga, bleu na dhahabu, mushono wa bei, mikono mipana, imekunjwa vizuri na imepigwa pasi.

"Nilimupa mushonaji siku ile nilisikia mutoto wangu anaolewa," akasema. "Kila asubuhi naibeba, naiweka hapa chini. Nikasema huyu kichwa ngumu akikuja kuniomba, asinikute sina nguo."